Mameneja Wawili wa Mfereji

Mwaka ambao mvua ziligoma, visima vya mbugani vilikauka hadi vyura wakahama. Maji yalibaki ziwani tu, ng'ambo ya vilima. Simba, ambaye hakupenda kuonekana ameshindwa hata na ukame, akaunda kampuni ya kuchimba mfereji. Na kwa kupenda makuu, akataka mameneja wa kutoka nchi za mbali. Akamwajiri Ngamia wa jangwani achimbe kuanzia mbugani, na Kiboko wa mto mkubwa aanzie ziwani. Wangekutana bondeni.

"Mkuu, hawa ni wageni, na mila zao hazipatani," Sungura akamnong'oneza Simba. "Niachie mimi niwaunganishe."

Simba akakubali bila kuuliza zaidi.

Sungura akaenda kwa Ngamia. "Bwana Meneja, nakutahadharisha kwa wema tu. Watu wa mtoni ni wavivu, hawaamki kabla ya adhuhuri. Na ukimwendea Kiboko ana kwa ana, kwao ni tusi. Mtumie matikiti kupitia kwangu."

Kwa Kiboko akasema, "Watu wa jangwani ni wakali na wachoyo. Ukicheka mbele yao, umewadharau. Mtumie Ngamia majani mabichi, nitayafikisha mimi."

Zawadi zikaanza kumiminika, zote zikiishia pangoni kwa Sungura. Mbebaji alikuwa Fisi, ambaye hakuuliza neno mradi anakula.

Maneno yale yakasambaa kwa wachimbaji. Ngamia akipita, wote wakamkwepa kwa kuogopa ukali wake. Mwisho akachoka. "Kama ndivyo mnavyonijua, haya," akasema, akaanza kufoka kwelikweli. Kiboko naye, aliyependa utani kuliko chakula, akawa ananuna kutwa nzima ili habari kwamba anacheka zisimfikie Ngamia.

Asubuhi moja kingo za mfereji zikaporomoka upande wa Ngamia, zikamfukia Pundamilia, mmoja wa wachimbaji, hadi shingoni. Wachimbaji wakahangaika, udongo ukazidi kumshukia. Sungura alitafutwa, hakuonekana.

"Tumwite Kiboko, ana nguvu!" Ngamia akasema.

"Saa hizi? Si amelala?" wakajibu.

Ngamia akamtazama Pundamilia akitweta, akatimua mbio mwenyewe. Alipovuka kilima alimkuta Kiboko tumbo zima topeni, anachimba huku akiimba chinichini asisikike.

"Umeamka?"

"Tangu alfajiri! Jua likipanda, ngozi yangu hupasuka. Nani kakwambia nalala?"

"Tutaongea baadaye. Mtu wangu amefukiwa."

Kiboko hakungoja neno la pili. Alifika, akatumbukiza kinywa chake kipana, akachota udongo kama sepetu hadi Pundamilia akachomoka akikohoa, mwili wote udongo, haonekani mstari hata mmoja.

"Jamani, tumemwokoa punda!" Kiboko akasema, kisha akajiziba mdomo kwa hofu.

Ngamia akaangua kicheko mpaka nundu ikatikisika.

"Kumbe unacheka?" Kiboko akashangaa. "Na majani yangu, uliyapenda?"

"Majani gani? Mimi ndiye niliyekutumia matikiti!"

"Matikiti gani?"

Wote wawili wakamkumbuka Sungura. Wakampitia Simba, wakaenda naye hadi pangoni kwa Sungura. Mlangoni alilala Fisi, tumbo limevimba, maganda yametapakaa kila upande. Akainua kichwa kwa shida.

"Mmeleta mengine?"

Sungura akatoka ndani mbio. "Mkuu, usikasirike! Hii ni mila ya..."

"Mila ya nani?" Simba akanguruma.

Sungura akarudi nyuma, akajikwaa kwenye maganda.

Simba hakukiri kosa lake, maana Simba hakiri. Ila aibu ilimchoma. Akaamuru Sungura na Fisi wachimbe kipande chote kigumu cha bondeni, mabosi wao wakiwa Ngamia na Kiboko. Wale wawili wakawa wanasimama ukingoni pamoja wakitaniana, huku Sungura akichimba na kuhema, hadi maji yakaingia mbugani.

Tangu hapo, aliyetaka kujua tabia ya Ngamia alimwendea Ngamia.