Jicho Huchagua, Bega Hulipa

Jicho huchagua, bega hulipa. Ndivyo alivyowaambia mkufunzi wenu asubuhi, akajisugua bega, nanyi mkacheka. Sasa mmenifuata huku ninakopaka bunduki mafuta, mnataka kujua msemo huo umetoka wapi, kwa sababu kuna mtu amewaambia kwamba mimi najua. Ni kweli, najua. Ketini. Ila mwenye hamu ya kucheka arudi kwanza kwa wenzake.

Methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilianza kwangu mimi, Mpagama, na kwa shemeji yangu Mlekwa, aliyemwoa mdogo wangu Nyanzala. Ilianza hivi.

Miaka ya mwanzo ya themanini nilipata leseni ya mwindaji bingwa. Upande huu wote wa Inyonga sikuwa na mwenzangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimewabebea wengine bunduki kwa miaka kumi na miwili, nikawapikia, nikawachunia ngozi. Siku nilipoletewa ile karatasi, mke wangu aliivingirisha kwenye kitambaa cheupe kama cheti cha ndoa.

Mwindaji bingwa hawindi kwa ajili yake. Anamwongoza mgeni, na mgeni akipiga vibaya, yeye ndiye anayesimama kati ya mnyama na watu. Kwa kazi hiyo, bunduki ya kukoki kila baada ya risasi ina mashaka. Mbogo akikutokea hatua kumi na tano, huna nafasi ya kukoki. Ndiyo maana wenye kazi hiyo hupenda bunduki ya mitutu miwili. Mitutu imelala ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kifyatulio chake, na risasi mbili zinaweza kutoka ndani ya pumzi moja. Ni bunduki ghali na nzito, na mtu hupewa moja tu maishani, kama akipewa.

Kampuni iliyoniajiri ilinituma Tabora kwa fundi bunduki aliyeitwa Gurdial. Kwake kulikuwa na bunduki mbili za namna hiyo, zilizoachwa na wawindaji waliorudi makwao. Niliambiwa nichague moja. Bei zao zilikuwa sawa na kampuni ndiyo iliyolipa, kwa hiyo hata kisingizio cha bei sina. Nilikwenda na Mlekwa, kwa kuwa ndiye atakayetangulia mbele yangu porini. Yeye alikuwa msoma nyayo wangu. Hapakuwa na mtu aliyesoma ardhi kama yeye. Jani likiwa limelala upande, alikwambia mnyama kapita saa ngapi na anachechemea mguu gani. Msimu wa uwindaji ukiisha, alirudi kwenye mizinga yake ya nyuki. Alikuwa na mizinga zaidi ya sitini, mingine juu ya miti ambayo mimi hata kuitazama huona kizunguzungu.

Fundi Gurdial akaziweka bunduki mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mbaya. Mbao yake ilikuwa imechubuka, chuma kimepauka, na mkanda wake umefungwa kwa waya. Ya pili, wanangu, sijui niwaeleze vipi. Mbavu zake zilikuwa za chuma kinachong'aa kama fedha, na kwenye chuma hicho mtu alikuwa amechonga chui anashuka mtini, mpaka madoa yake ukayahesabu. Mbao yake ilikuwa na mistari kama maji yanayotembea. Kitako kilimalizikia kwa bamba lililonakshiwa maua. Niliishika na sikutaka kuiweka chini.

"Fumba macho," Fundi Gurdial akaniambia.

"Kwa nini?"

"Fumba macho, ipandishe begani haraka kama mbogo anakuja, halafu fumbua."

Nikafanya hivyo kwa ile mbaya. Nilipofumbua, jicho langu lilikuwa limelala sawasawa katikati ya mitutu, linatazama mbele kama nimepangwa. Nikafanya kwa ile ya chui. Kitako kilinikwama kwapani. Nilipofanikiwa kukipandisha, nikajikuta naangalia ubavu wa mtutu wa kushoto.

Fundi akatikisa kichwa. "Hii alitengenezewa mtu mrefu, mwenye mikono mirefu kama shingo ya twiga. Kwako kitako kimezidi inchi moja na nusu. Chukua hii nyingine."

"Nitaizoea," nikasema.

"Bunduki haizoewi, bwana. Basi kama unaipenda hii, niache nikate kitako. Ni kazi ndogo."

Nikaitazama ile mbao na lile bamba la maua. Akikata, mistari itakatika, na bamba halitakaa tena. "Usiikate," nikasema. "Kitu kama hiki hakikatwi."

Mlekwa alikuwa amesimama karibu na mlango. Hapo akasogea, akanena polepole, kwa heshima, maana mimi nilikuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji, ile mbaya imekuja begani yenyewe. Hii nyingine umeifuata wewe."

"Wewe soma nyayo," nikamwambia. "Bunduki niachie mimi."

Akatabasamu kidogo, akatoka nje kuningoja. Hakulirudia neno hilo tena. Ningependa kuwaambia kwamba alibishana nami, kwamba tuligombana, nikamshinda kwa hoja. Hatukugombana. Nilimnyamazisha kwa sentensi moja, mbele ya mtu, naye akanyamaza.

Tulirudi kambini na watu wakaja kuitazama. Wageni walipiga picha wakiwa wameishika. Nilifanya mazoezi kwenye shabaha, na nilipata. Nilisimama vizuri, nikakipanga kitako begani bila haraka, nikavuta pumzi, nikapiga katikati. Nikajiambia Gurdial ni mzee tu, anapenda kukata mbao za watu. Sikujiambia kwamba shabaha ya karatasi haikimbii kuja kwako.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati baridi ya huku inakausha midomo. Mgeni wetu alimpiga mbogo dume asubuhi. Mbogo akainama, akaingia kichakani. Mlekwa akagusa damu kwa kidole, akainusa.

"Ya tumbo," akasema. "Hakufa huyu. Anatungoja."

Mbogo aliyejeruhiwa haachwi. Anaweza kukutana na mwanamke anayetafuta kuni siku ya pili. Nikamwacha mgeni garini na askari wa wanyamapori, kisha mimi na Mlekwa tukaingia. Yeye mbele, ameinama, mimi nyuma yake hatua nne. Nilikuwa nimevaa jaketi nene kwa sababu ya baridi. Tukaenda hivyo kama nusu saa. Kichaka kilikuwa kizito kiasi kwamba nilimwona mgongo tu.

Akasimama. Akanyoosha mkono kuonyesha kushoto. Hakusema kitu, ila niliona vidole vyake vimefunguka, nikajua ameona.

Mbogo alikuwa amezunguka, akarudi kulala kando ya njia yake mwenyewe kutungoja. Alitoka kushoto, kichwa juu. Nikapandisha bunduki. Kitako kikaingia ndani ya mkunjo wa jaketi, kwapani, kikakwama. Nikakivuta nje, nikakipachika juu ya mkono badala ya begani, nikavuta kifyatulio. Risasi ya kwanza ilipita juu ya mgongo wake na kukata majani ya mti. Kishindo cha kurudi kikaipiga bunduki pembeni kabisa. Nilipoirudisha, Mlekwa alikuwa tayari hewani.

Risasi ya pili ilimuua mbogo, akaangukia miguu ya Mlekwa. Watu wa kambini baadaye walinisifu kwa risasi hiyo. Hakuna aliyeuliza habari za ile ya kwanza.

Pembe ilikuwa imeingia chini ya kwapa la kulia na kutokea juu ya bega. Nilivua lile jaketi nikalisokomeza kwenye jeraha. Mlekwa alikuwa na fahamu zake. Alinitazama, akauliza kitu kimoja tu.

"Ilikwama?"

"Ilikwama," nikasema.

Akafumba macho.

Alilazwa hospitali ya misheni miezi mitatu. Hakufa. Wengi hudhani kwamba katika hadithi hii kuna mtu anakufa porini, lakini hakufa, aliishi miaka kumi na mmoja baada ya hapo. Mkono wa kulia ulibaki ukining'inia kama tawi lililovunjwa ambalo halijaanguka. Hakuweza kupanda mti. Mizinga yake sitini ilikaa juu huko, nyuki wakaingia na kutoka, wengine wakaja kulina asali ile, na yeye akitazama kutoka chini. Hakuweza kushika jembe. Nyanzala ndiye aliyelima, akapanda, akavuna, kisha akarudi nyumbani kumfunga mumewe vifungo vya shati.

Mimi niliandika taarifa. Niliandika kwamba mbogo alitokea karibu mno, kwamba ilikuwa ajali ya kawaida ya kazi. Kila neno la taarifa ile lilikuwa kweli, na yote kwa jumla yalikuwa uongo. Leseni yangu haikuguswa.

Msimu ulipokwisha, nilirudi Tabora. Nilimwambia Fundi Gurdial akate kitako. Akachukua msumeno. Kazi yote, kukata na kupiga msasa, ilichukua muda wa mtu kunywa kikombe cha chai. Kipande kilichoanguka sakafuni kilikuwa na upana wa vidole viwili. Akanifumbisha macho tena. Nilipofumbua, jicho lilikuwa mahali pake.

Nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mlekwa na bunduki mkononi. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aone kwamba nimemsikia. Nilimkuta amekaa ukutani anaota jua. Nyanzala alikuwa uani na wanawake wanne wa jirani, waliokuja kumsaidia kupukuchua mahindi.

"Shemeji," nikasema, "nimeikata."

Akaitazama. Akapitisha mkono wake wa kushoto pale palipokatwa.

"Sasa inakuja begani?"

"Inakuja."

"Vizuri, shemeji," akasema. "Hapo ni vizuri." Akageuza uso kuelekea barabarani.

Nyanzala akasimama, punje za mahindi zikamwagika kutoka kwenye kanga yake. Akaja mpaka mbele yangu. Katika maisha yetu yote mdogo wangu hakuwahi kunipandishia sauti, na siku ile pia hakuipandisha.

"Umetuletea tuione?" akauliza.

"Nimekuja kusema nimekosa."

"Mume wangu alikwambia dukani. Aliponisimulia, alicheka, akasema shemeji kapenda chui. Jicho lililochagua lilikuwa lako, Mpagama. Bega lililolipa ni la mume wangu. Sasa itoe hiyo bunduki nyumbani kwangu."

Wale wanawake wanne waliisikia kauli hiyo. Wakaenda nayo kisimani, wakaenda nayo mnadani. Jina langu lilikuwa la kwanza kudondoka, kwa kuwa watu waliniogopa kidogo. Kisha likadondoka la Mlekwa. Baada ya miaka michache ilibaki hivyo mnavyoijua. Vijana wa kambini waliipokea wakidhani inahusu kishindo cha bunduki, kwamba ukichagua bunduki kubwa kwa sifa itakuumiza bega lako mwenyewe. Wakawa wanaisema kwa wageni, wageni wanatafsiriwa, wanacheka. Nami nilikuwa nimekaa pale pale kwenye moto, nikacheka pamoja nao. Si mara moja.

Niliendelea na kazi miaka tisa kwa bunduki ile, na haikukwama tena hata siku moja.

Mlekwa hakuninenea vibaya mpaka anazikwa. Nyanzala yu hai, nyumba yake ni ile yenye bati jekundu mnayopita mkienda mtoni. Nikienda kumsalimia ananikaribisha, ananipa kiti, ananiletea maji ya kunawa na chakula. Anauliza hali ya wajukuu wangu. Ila tangu siku ile hajaniita kaka. Ananiita Mpagama, kama anavyoniita karani wa kijiji.

Mkufunzi wenu hana kosa, alifundishwa hivyo. Lakini ninyi mtapewa bunduki, na wengine wenu mtapewa watu wa kuongoza, kwa hiyo ichukueni nzima. Maneno yale hayakusema kwamba jicho na bega ni vya mtu mmoja. Jicho huchagua, bega hulipa.