Mguu wa Pili wa Nyati

Nina gunia mgongoni.
Litue!
Ni zito.
Tukupokee!
Nikilifungua, mtakimbia?
Hatukimbii, fungua!

Haya, nafungua. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tema kwanza. Hadithi hii ina kiu ndani yake, na mimi siwezi kusimulia habari za kiu huku mtu ananinyonyea muwa masikioni.

Hapo kale wanyama wa Bwawani walikuwa na timu ya mpira. Si mpira wa teke, huo mnaoujua. Huu mmoja anautupa, mwingine anaupiga kwa rungu, kaa, mpira unaruka, fyuuu, na wadakaji waliotawanyika uwanjani wanaukimbilia. Ukidakwa kabla ya kugusa chini, aliyepiga ametoka. Ukianguka, anazunguka mawe manne, anazunguka, anazunguka, mpaka mpira uwekwe juu ya jiwe la kwanza. Kila mdakaji ana kituo chake, na anayetoka kituoni bila mpira, mpira ukiwa bado uwanjani, timu yake nzima imeshindwa papo hapo. Kila kiangazi walicheza na nyani wa Mlimani, na walioshinda ndio waliokunywa maji ya bwawa mpaka mvua ya kwanza.

Kituo cha mbali kuliko vyote kiliitwa Majanini, na mdakaji wa Majanini alikuwa Bi Ngedere. Miaka tisa alisimama pale peke yake. Wengine hawakuwahi hata kufika, wangefuata nini? Mpira ukienda Majanini, walikuwa wakigeuka tu kumtazama, naye anaruka, hop, anadaka, anarudisha. Ila mwaka huo mkia ulikuwa umeanza kunyauka, na jicho la kushoto lilikuwa na utando. Mechi mbili za mwisho, mipira mitatu ilimpita.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kabla ya msimu, wachezaji walikwenda ukingoni, penye udongo wa mfinyanzi, na Kobe mwenyekiti alimwita mmoja mmoja akanyage. Mguu mmoja, kituo kimoja, fungu moja la maji, asubuhi na jioni, kuanzia siku hiyo mpaka washindwe. Mwenye alama kwenye udongo ananywa. Asiye na alama hanywi, awe nani. Mwaka uliotangulia walimwacha Kakakuona, wakamwambia asante sana kwa utumishi wako. Walimkuta siku ya kumi na mbili amejikunja njiani, magamba makavu, na ndani hamna kitu.

Kwa hiyo Kobe aliposema kwamba leo kuna mjadala, Bi Ngedere akanyage au asikanyage, mwenyewe alijua wanajadili nini. Hawakuwa wanajadili mpira.

Aliyeuleta mjadala alikuwa Nyati, mpiga rungu. Kazi yake ilikuwa kupiga tu, akishapiga anakwenda kulala kivulini. Fungu lake alilimaliza kwa mkupuo mmoja, kisha akawa anawatazama wenzake wakinywa, anawahesabia mafunda.

Nyati akasimama. "Bibi huyu zamani alidaka," akasema. "Leo je?"

Wanyama wakainamisha vichwa. Korongo, ambaye kituo chake kilipakana na Majanini, alijaribu kumtetea, akakumbusha mechi ile ya mwaka wa njaa ambayo Bi Ngedere aliiokoa peke yake.

"Zamani aliokoa," akasema Nyati. "Leo je?"

Ngiri naye akadakia, leo je, na wengine wakaitikia, leo je, leo je, maana neno jepesi likishapatikana kila mtu hulitaka mdomoni. Hapo Nyati akatoa lake la moyoni. Yeye ana miguu minne, akasema, na kwenye udongo ameweka mmoja tu. Desturi haimkatazi kuweka wa pili. Basi apewe Majanini, adake yeye mwenyewe, na fungu la Majanini liwe lake.

Kobe akafikiri sana, akakubali kwamba desturi kweli haikatazi.

Bi Ngedere aliwatazama wenzake wa miaka tisa, akaona kila mmoja anatazama maji.

"Mwanangu Nyati amesema kweli," akasema. "Mimi nimezeeka. Apewe. Ila Kobe amsomee sharti la kituo, asije akasema hakuambiwa."

Kobe akasoma. Mwenye kituo hatoki bila mpira, mpaka mpira urudi kwenye jiwe. Nyati akasema amesikia, akakanyaga udongo kwa mguu wa pili, pwata, alama ikaingia ndani kweli.

"Na mwanangu," akasema Bi Ngedere, "usisimame kwenye nyasi kavu. Simama mbele, penye nyasi mbichi. Mipira ya nyani huangukia pale."

Na ni kweli, ilikuwa ikiangukia pale. Bi Ngedere hakusema uongo hata chembe. Nyasi zile zilikuwa mbichi kwa sababu zamani pale palikuwa ni mkono wa bwawa. Juu palikuwa pamekauka, pakashika ukoko. Chini lilikuwa tope lisilo na mwisho. Yeye alilijua kwa nyayo zake, kwa jinsi ardhi ilivyokuwa ikipumua alipopita. Ukoko ulimbeba ngedere. Hakuna aliyeuliza kama ungembeba nyati.

Siku tatu zikapita. Siku ya kwanza Bi Ngedere alilamba umande. Siku ya pili haukuwepo umande. Siku ya tatu ulimi ulimvimba, akajikokota hadi ukingoni, akamkuta Nyati yuko kwenye fungu lake la pili, maji yanamtiririka kidevuni.

"Mwanangu," akamwambia, "nigawie funda moja. Nina neno la kukuambia kuhusu Majanini."

Nilivyosimuliwa mimi, alikuwa amekusudia kumwambia. Funda moja tu, na angemwambia yote, kisha angejua mwenyewe pa kwenda kufia. Nyati akainua kichwa, akatabasamu.

"Zamani ningekupa, bibi," akasema. "Leo je?"

Bi Ngedere akaenda akaketi karibu na udongo, akingoja mechi.

Mechi ikaanza. Bwawani walipiga vizuri, Nyati mwenyewe alipiga mpira ukapotelea mbinguni, wakapata mizunguko tisa. Ikaja zamu ya nyani. Nyani wa kwanza akashika rungu, kaa, mpira fyuuu, moja kwa moja Majanini. Nyati akaukimbilia, ti, ti, ti, akaingia kwenye nyasi mbichi, na ukoko ukapasuka chini yake. Bwoo. Akazama hadi magotini. Akajivuta, akazama hadi tumboni. Mpira ukaanguka juu ya tope mbele ya pua yake, ukatulia.

Kule kwenye mawe nyani alikuwa anazunguka. Moja. Mbili.

"Nivuteni," akaita Nyati.

Korongo aliinua mguu, akaurudisha. Akitoka kituoni wameshindwa, na wakishindwa hakuna atakayekunywa. Akapaza sauti akiwaomba wenzake waende wote, maana huyu amewapigia rungu miaka sita.

"Zamani alipiga," akasema Ngiri kutoka kituoni kwake. "Leo je?"

Na wote wakasimama palepale. Walitazama. Nne. Tano. Tope lilikuwa limefika mabegani.

Ukimwacha Kobe aliyekaa kwenye udongo wake, mmoja tu hakuwa na kituo cha kutoka. Bi Ngedere akainuka, akapita juu ya ukoko kwa nyayo zake nyepesi, akachutama mbele ya Nyati. Hakuugusa mpira. Mtu asiye na alama haruhusiwi kuugusa.

"Kituo hiki ni chako," akamwambia. "Unakiacha?"

"Nakiacha, bibi. Chukua. Uninusuru."

Wote walisikia. Kobe akachota maji, akalainisha alama ya mguu wa pili wa Nyati, akaifuta, taratibu, kama Kobe anavyofanya kila kitu. Saba. Bi Ngedere akarudi ukingoni, akakanyaga. Akarudi Majanini, akautwaa mpira. Nane. Akaupeleka jiweni kwa mwendo wa kizee. Wengine walisema baadaye kwamba angeweza kukimbia. Hawakusema kwa sauti.

Mpira ulipogusa jiwe, wadakaji wote walitoka mbio. Walikuta pembe mbili, kisha wakakuta povu, kisha ukoko ukaanza kujifunga upya.

Mechi iliendelea, Bi Ngedere akadaka miwili, Bwawani wakashinda. Jioni walikwenda kunywa. Yeye alikunywa fungu lake akalimaliza, akalamba hata vidole. Mbele yake, kwenye udongo, mguu wa kwanza wa Nyati ulikuwa bado pale, mkavu, na fungu lake halikuwa na mwenyewe. Kobe akauliza kama kuna anayelitaka, aweke mguu wa pili.

Kila mmoja aliitazama miguu yake. Kisha, kimoja kimoja, vichwa vikamgeukia Bi Ngedere, na macho yao yalikuwa yanamhesabia mafunda.

Basi gunia langu ni tupu, nalikung'uta, vumbi likuingie wewe wa muwa. Na funzo lake mnalijua: wazee wapumzike, vituo vyote wapewe wenye nguvu, na ukikuta timu inapendana hivi, usiiache kamwe.