Mashimo ya Tandale

Enzi za Mwingereza, Tandale ilikuwa kijiji nje ya mji, nyumba za udongo na makuti zilizosimama popote mwenyewe alipopenda. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake. Ndiyo iliyokuwa desturi: mtu akitaka kujenga huchimba udongo hapo hapo ubavuni, akakandika kuta, akahamia, na lile shimo akaliacha wazi. Nani ana nguvu za kufukia shimo baada ya kumaliza nyumba? Masika yakija mashimo yalijaa maji, maji yakazaa mbu, mbu wakaleta homa, na homa ikachukua watoto. Watu walisema ni kazi ya Mungu, wakarudi kulala. Uchovu nao ni ugonjwa, jamani, tena hauna kidonge.

Bi Tunu alikuwa amezika wajukuu wawili katika masika mawili yaliyofuatana. Mama yao alishindwa kuitazama tena nyumba ile, akarudi kwa wazee wake Kisarawe, akamwachia bibi kitinda mimba wake, Chausiku, aliyekuwa bado hajafikia umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani. Mtoto mwenyewe kila mvua alikuwa moto kama kaa. Bi Tunu hakuwa na dua nyingine kwa Mola wake: Chausiku avuke masika. Mengine yote alikwisha kuyaachia.

Mtu wa mjini aliyeijua homa ile alikuwa Bwana Shamsuddin, Mhindi wa Kiithnaasheri, msaidizi wa maabara katika ofisi moja ya utabibu ya Serikali. Miaka na miaka alikuwa akija Tandale kwa baiskeli, akihesabu mbu, akiwatoboa watoto vidole na kupeleka damu kupimwa. Naye alikuwa na shauku moja iliyomnyima usingizi. Alitaka Serikali iwalete wataalamu wa Ulaya na wa Bara Hindi wafanye uchunguzi pamoja, papa hapa. Alisema Waingereza wanamjua mbu wa kwenye chupa, watu wa Bombay wamekwisha kupambana na homa vijijini mwao, na sie tunao wagonjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ombi lake likapokelewa. Likapelekwa Nairobi, likapelekwa London, likarudi, likapelekwa tena. Wenzake ofisini walimtania kwamba ombi lile limesafiri kuliko mahujaji wote wa Dar es Salaam.

Hatimaye Serikali ikakubali. Shamsuddin alifika kwa Jumbe Mwinjuma, mkubwa wa kijiji, jasho likimtiririka, baiskeli akaitupa chini.

"Jumbe, wageni wanakuja! Profesa mmoja kutoka Uingereza, na daktari wa kike kutoka Bombay. Serikali imewalipia nauli na vyombo vyao, imetoa na gari."

"Wageni wa Serikali? Hapa kwetu?"

"Hapa hapa. Wataingia nyumba kwa nyumba. Mwezi ujao, Inshallah."

Akapanda baiskeli yake akaondoka, furaha imemjaa kifuani. Hakufikiri kumwambia mtu yeyote aache mashimo kama yalivyo. Angefikirije? Yalikuwapo tangu Tandale iwe Tandale, na hakuna aliyewahi kuyagusa.

Lakini nyumba kwa nyumba! Jumbe Mwinjuma aliporudia maneno hayo mbele ya watu, wanawake walishika vichwa. Mswahili anaweza kulala njaa na jirani asijue, ila mgeni akute uchafu mlangoni, hapo ni heri ardhi ipasuke. Bi Tunu ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mtoto wa watu atoke Ulaya huko, aje atumbukie shimoni mlangoni kwangu? Uso wangu nitauweka wapi? Leteni majembe!"

Basi wakafukia. Walijaza mashimo kwa udongo na makumbi ya nazi, wakashindilia kwa michi. Vifuu na vyungu vilivyovunjika, vilivyokuwa vimelala nyuma ya nyumba vikikinga maji, vikakusanywa vyote, vingine vikachomwa na vingine vikazikwa. Pale kwenye kinamasi cha njia kuu Jumbe aliogopa gari la Serikali lisije likakwama, akawatoa wanaume wakachimba mfereji mpaka bondeni, maji yote yakaenda zake. Kuta zikapakwa chokaa. Tandale ikapendeza kama bibi harusi, ikakaa kungoja.

Wageni hawakuja. Meli imechelewa. Ilipofika, masanduku ya vyombo yakazuiwa bandarini. Yalipokaribia kutolewa, pakatakiwa sahihi ya mkubwa fulani, na mkubwa huyo yuko likizo. Shamsuddin alishinda akizunguka maofisini, kikohozi kimemkaba, asipate nafasi ya kufika Tandale hata mara moja. Kila alipopewa ahadi alimtuma tarishi: wiki ijayo wanakuja. Mvua nazo zilikuwa zimeanza, zinabomoa kila kilichofukiwa. Basi kila tarishi alipofika, Tandale ilianza upya, ikafukia, ikazibua mfereji, ikaokota vifuu. Walichoka. Walichoka hata nyimbo za kazi zikaisha midomoni, wakawa wanalima kimya kama watu wa msibani.

"Bi Tunu," akasema Marijani, jirani yake, matope yamemfika magotini, "hawa ni wageni au ni kiama? Kila siku wanakuja, hawafiki!"

"Shika jembe, Marijani. Kiama nacho kitafika, na kikukute umefagia."

Masika yote yakaenda hivyo. Mvua zilipokuwa zinakatika, gari la Serikali likaingia Tandale bila kukwama.

Profesa alikuwa mzee mrefu, mwenye haraka. Daktari Roshanara, yule wa Bombay, alikuwa mama wa makamo aliyevaa sari ya pamba na viatu vya kiume, na Shamsuddin alikuwa mkalimani wao. Asubuhi na mapema waliingia nyumba ya kwanza, wakatandika mashuka meupe sakafuni, wakapuliza dawa darini, wakangoja mbu waanguke. Akaanguka mjusi. Nyumba ya pili, buibui wawili. Wakaenda nyumba hii na hii hadi jua likapanda, na mashuka yakabaki meupe vilevile. Watu walikuwa wakiwafuata wakitabasamu kwa fahari, maana waliona wageni wanaitazama sakafu yao kwa makini sana.

"Bwana Shamsuddin," akauliza Profesa, uso umemwiva, "mbu wako wako wapi?"

Shamsuddin akainama, akakagua mashuka tena. Jioni ile mkubwa wake alimwita, akamwambia bila kuzunguka: ama taarifa zake za miaka yote zilikuwa za uongo, ama amewachezea wakubwa. Mbu wasipoonekana upesi, Serikali itaondoa mkono wake, wageni watarudi kwao, naye atafute kazi nyingine.

Kesho yake alirudi Tandale peke yake, na sasa, akiwa hana wageni wa kuwatazama, akatazama chini. Alifika kwa Bi Tunu midomo imemkauka.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna, wageni hawakutupenda?"

"Shimo lililokuwa hapa liko wapi?"

"Tumelifukia. Yote tumeyafukia. Mgeni anakuja, mwanangu, tumwonyeshe mashimo?"

Shamsuddin akaketi barazani kama gunia lililotuliwa. "Mmenimaliza," akasema. "Jamani, mmenimaliza." Machozi yakamtoka, mtu mzima yule. Akaeleza yote: kwamba wageni walikuja kwa ajili ya wale mbu, na sasa wanaondoka, na mlango ule Serikali haitaufungua tena. Jumbe Mwinjuma alikuwa amefika, na Marijani naye, wote wakainamisha vichwa.

"Nisikilizeni," Shamsuddin akaendelea. "Yafukueni machache tu. Mvua bado zipo kidogo, yatajaa. Mbu watarudi, wageni watafanya kazi yao, na dawa ikijulikana itakuwa ya nchi nzima. Watoto wa kila mahali, Bi Tunu, si wa Tandale tu."

Maneno yale hayakuwa ya kipumbavu, na kila mtu alilijua hilo.

"Serikali ikitaka yafukuliwe," akasema Jumbe Mwinjuma kinyonge, "sie ni nani?"

Bi Tunu hakupandisha sauti. Hakuwa na sauti ya kupandisha. "Mwaka juzi nilimzika Hija. Mwaka jana nikamzika Tatu. Mwaka huu nimefukia mashimo tu, na mgongo unaniuma, lakini nalala." Akachukua jembe lililoegemezwa ukutani, akamtia Shamsuddin mkononi. "Mie sina nguvu ya kufukua. Wewe kama moyo wako unakutuma, kafukue. Anza na hilo langu."

Shamsuddin akainuka. Alikuwa amechoka kiasi cha kutoweza kuona haya. Akaenda ubavuni mwa nyumba, na pale juu ya shimo lililoshindiliwa alikuta Chausiku amekaa na mwenzake wanacheza mdako, wanarusha kete za mawe na kudaka. Masika yaliyopita alimtoboa kidole mtoto huyu, naye hakuwa hata na nguvu za kulia. Sasa alikuwa na mashavu, na alikuwa anamwibia mwenzake kete waziwazi.

"Shikamoo, babu," akasema Chausiku. "Unataka kulima hapa? Ngoja tukupishe."

Akaanza kukusanya mawe yake, moja moja, kwa adabu. Shamsuddin alisimama na jembe begani mpaka mtoto alipomaliza kuyakusanya yote na kusogea kando, kisha akasema, "Rudi, mama. Rudi ucheze. Babu amekosea njia."

Akalirudisha jembe ukutani, akapanda baiskeli, akaenda kumweleza Daktari Roshanara ukweli wote. Mama yule alicheka kwanza, akacheka hadi akafuta macho kwa pindo la sari, halafu akauliza:

"Nani aliwaamuru kufukia?"

"Hakuna. Walikuwa wanatungoja sisi."

"Kwetu tumewaomba watu miaka mingi wafukie," akasema, "tumewatisha, tumewatoza faini. Hatukufikiria kuwaahidi wageni kisha tuchelewe."

Alijaribu kumshawishi Profesa, na wote wawili wakajaribu kuwashawishi wakubwa, kwamba huko kufukia ndiko kulikopaswa kuchunguzwa. Lakini Serikali ilikuwa imetoa msaada kwa ajili ya mbu, na kwa mashimo yaliyofukiwa haikuwa na fungu. Masanduku yakafungwa, mengine hayakuwa yamefunguliwa. Shamsuddin akahamishiwa bandarini kukagua panya wa melini. Hakubishana. Miaka yote ile ya kuomba iliisha kwa nusu saa ofisini.

Siku ya kuaga, Daktari Roshanara alikuja na Shamsuddin peke yao. Bi Tunu alimpa mkono, akamwambia mkalimani, "Mwambie atusamehe. Katoka mbali, na hatukuwa na alichokitaka."

Shamsuddin alitafsiri. Kisha, kwa mazoea ya kazi isiyokuwa yake tena, akamgeukia Jumbe Mwinjuma akamwuliza lile swali alilouliza kila mwisho wa mvua, "Masika haya mmezika watoto wangapi?"

Jumbe alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Akamtazama Marijani, ambaye kila mwaka ndiye huchimba makaburi. Marijani naye akafikiri, akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekumbushwa jambo ambalo hakuligundua.

"Hatujazika," akasema. "Wallahi, Bwana Shamsi, hatujazika hata mmoja."

Shamsuddin alitaka kulitafsiri jibu hilo akashindwa, lakini Daktari Roshanara alikwisha kulisoma usoni mwake. Wageni wale hawakuleta dawa, hawakuacha hata kidonge kimoja cha kwinini, na waliondoka mikono mitupu kama waliowapokea walivyoishi mikono mitupu. Walichokifanya ni kuahidi kuja, na Tandale, pamoja na uchovu wake wote, ikajifagilia mlango. Wahenga hawakutuambia mgeni ataleta nini wala atapata nini. Walisema tu, na hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.