Kolekole Aliyetembezwa Kijijini

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kinyonge, lakini twende hivyo hivyo.

Hapo zamani, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji kando ya hori, mkono mdogo wa bahari ulioingia nchi kavu. Siku za kazi watu walivua kwa nyavu, mbali. Siku ya mapumziko walivua horini kwa mshipi na ndoano, kwa raha tu. Na hori lilikuwa na sheria ya Bi Mwanatumu, mkunga wa kijiji. Samaki mfupi kuliko mkono wake, toka kiwiko hadi kidole, arudi. Jike kubwa lenye mayai, lirudi. Na wote warudi hai.

Makame alipenda kuvua. Zaidi alipenda kuonekana amevua. Siku hiyo mshipi ukavutika. Vuta, vuta, vuta! Akatoka kolekole jike, tumbo limejaa mayai.

Makame alimtia vidole mashavuni, akampandisha kijijini. Akamwonyesha baba mkwe. Akawaonyesha wasuka mikeka. Akawaonyesha hata mbuzi. Kisha akarudi naye horini, akamwachia. Chubwi! Samaki akaelea, tumbo juu.

"Nimemrudisha, bibi," akamwambia Bi Mwanatumu, aliyekuwa amesimama ukingoni.

"Umemzika, mjukuu wangu."

Bi Mwanatumu akamwambia atie kichwa majini, abane pumzi, mpaka yeye bibi amalize kupita kote alikotembezwa samaki. Makame akazama. Bibi akapiga hatua saba. Makame akaibuka, puu, anakohoa.

"Sijafika hata kwa mkweo," akasema bibi.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mshipi wa Makame ulitundikwa darini kwa bibi mwaka mzima, na akaambiwa akirudia kosa, hatavua tena horini. Mwaka huo kazi yake ikawa kuwatolea wenzake ndoano kwenye samaki wa kurudishwa, samaki akiwa bado ndani ya maji. Lowesha mikono, chomoa, achia. Lowesha, chomoa, achia.

Mwaka ukaisha, mshipi ukarudi. Siku ya kwanza tu, Makame akapanda kijijini mbio, mikono mitupu, akidai amevua jike kubwa kama mlango.

Wakamuuliza yuko wapi. Akasema kaenda zake. Baba mkwe akaguna kwamba binti yake ameolewa na mwongo.

Bi Mwanatumu akamsogelea. Alishika mikono ya kanzu ya Makame. Ilikuwa imelowa chepechepe hadi kwapani.

"Alikuwa mkubwa," akasema.

Basi, wenzangu: anayemtembeza samaki kwanza ili asifiwe, hajamrudisha bado. Na hadithi yangu inaishia hapa. Nimeiachia majini, ingali hai.