Nyasi za Uani

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyeitunza nyumba ya Mungu kama anavyotunza jiko lake. Kila Jumamosi alasiri watoto wa darasa la saba mpaka kidato cha pili walikuja pale kujifunza Neno, na kabla ya Neno walicheza mpira uani. Mnawajua wa umri huo: miguu imekua, akili bado iko njiani. Ua ukabaki vumbi tupu, na yule mama akachoka.

Akapanda nyasi, akazizungushia seng'enge, akamwambia mwalimu wao kwamba watoto wakija waingie ndani moja kwa moja, wakae kwenye mabenchi, watulie. Wakatulia kweli. Wakatulia mpaka wakaanza kuacha kuja, mmoja mmoja, na mama hakugundua, maana alikuwa anamwagilia.

Nyasi zikasitawi, mngeziona! Jumamosi moja amesimama anazitazama kwa raha, akapita jirani mfugaji. Akamwamkia vizuri, kisha akasema, "Mama, kwa kuwa hapa siku hizi hapana watoto, naomba niwalete mbuzi wangu wazile hizi nyasi."

Mama akacheka. Halafu akachungulia ndani ya kanisa: mabenchi matupu.

Akamwuliza mwalimu watoto wamekwenda wapi, akaambiwa wanacheza nyuma ya soko, karibu na jalala. Akajifunga kanga kiunoni, akawafuata. Walipomwona wakataka kutimua mbio. Yeye akavua viatu, akasimama golini, katikati ya mawe mawili.

"Wajukuu zangu, nimekuja kuwaomba mrudi," akasema. "Seng'enge naing'oa leo hii. Ila kwanza pigeni, nione kama bado najua kudaka."

Hakujua. Alifungwa mabao mpaka wakamwonea huruma. Wakarudi naye kanisani wakiimba, wakasoma Neno na vumbi lao miguuni. Kufika Krismasi, nyasi zote zilikuwa zimekufa.

Na sisi je? Tunapaka rangi, tunapanga maua, tunafunga geti, kisha tunaulizana vijana wamepotelea wapi. Bwana alipomwuliza Petro kama anampenda, alimpa kazi gani? "Lisha wana-kondoo wangu." Je, alimwambia ayalinde malisho yasikanyagwe?

Basi Jumamosi hii, mwenye magoti mazima na aje acheze nao. Mwenye magoti mabovu na aje na machungwa ya mapumziko.