Zimwi Lililojifungia Nje

Paukwa!

Pakawa!

Ngojeni, kwanza apeni. Mtakayoyasikia mnayameza hapahapa. We Shali, apa vizuri, mdomo wako hauna komeo! Haya.

Palikuwa na zimwi, Makamba, nywele mpaka magotini. Mkewe Mwanatumu alikuwa mtu kama sisi, na kicheko chake kinasikika mtaa wa pili. Zimwi lilimpenda, lakini wivu, jamani! Akicheka tu, linaacha kazi linakuja mbio.

Siku moja Mwanatumu akacheka kisimani.

"Unacheka na nani?"

"Peke yangu, mume wangu."

"Mwongo! Nikimshika huyo, nawatafuna wote wawili!"

Likachoma chokaa, likabeba mawe, likazungushia ukuta nyumba na kisima chake.

Siku moja tena, kicheko.

"Unacheka na nani?"

"Peke yangu, mume wangu."

"Mwongo! Wanakuchungulia!"

Likaziba madirisha, likapandisha ukuta mpaka kunguru wakachoka kuuruka.

Siku ya tatu linarudi kuwinda, kicheko hicho!

"Unacheka na nani?"

"Peke yangu, mume wangu."

"Mwongo! Wanapita mlango huu!"

Basi likauziba mlango, jiwe juu ya jiwe. Likapangusa jasho. "Sasa nimewaweza!" Likataka kula. Chungu kiko ndani. Mke yuko ndani. Lenyewe liko nje!

Mwanatumu akacheka mpaka akakaa chini.

Wivu ukalipanda kichwani. "Wako wawili ndani, mimi niko nje!" Likapiga ukuta kwa kichwa, pu! pu! pu! Kichwa kikatokeza ndani, mabega yakakwama. Mawe ya juu yakaliporomokea mgongoni, pakabaki uwazi juu yake.

Mwanatumu akajitanda mtandio, akakikanyaga kichwa, huyoo, anatoka.

"Mke wangu," zimwi likasema, pumzi zinaisha, "niambie tu. Ulikuwa unacheka na nani?"

"Peke yangu, mume wangu."

Likafa halijaamini.

Nyumba hiyo ndiyo ngome hii tunayofanyia harusi. Kizingiti cheusi chenye nundu? Kichwa chake hicho! Ndiyo maana bwana harusi anasubirishwa nje mpaka biharusi acheke ndani. Akiuliza anacheka na nani, tunamrudisha kwao na suti yake!

Basi wanangu, mwanamke akicheka, mwacheni acheke. Mkimjengea ukuta, mtalala nje nyie.

Yangu nimeyatua hapo. Kisa hiki kanipa somo yangu, Bi Mwanamkasi, anayefagia ngome harusi zikiisha. Na yeye aliniapisha hivihivi!