Kifuniko cha Njano

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja mjane katika mji wa alizeti, na leo nataka twende wote jikoni kwake.

Mama huyu alianza na mashine ya mkono ya kukamulia mafuta, mwaka ule serikali ilipoanza kuruhusu watu kuwa na viwanda vyao. Peke yake hakuiweza. Jirani yake aliacha shamba lake likiwa na magugu, akaja kushika naye mpini, wakazungusha mpaka viganja vikaota sugu. Leo mashine ile imekuwa kiwanda. Kijana wa mama ndiye anayekiendesha. Amempeleka mdogo wake kufungua duka nchi jirani, shemeji yake yuko nchi nyingine, na kila chupa ina picha ya mama akicheka. Mama aliipenda picha ile, jamani! Nani asingeipenda?

Siku moja yule jirani akaja, akamwambia taratibu, "Dada, mafuta yenu siku hizi yanatoa moshi. Wajukuu wangu wanaumwa matumbo."

Mama akawaka. "Sema tu una wivu! Nchi za watu wanayagombania, wewe ndiye wa kuona kasoro?"

Jirani akaondoka, na hakukanyaga tena pale.

Basi akaja mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, mzee mwenye maduka makubwa. Akikubali, mafuta yale yataingia katika maduka yake yote. Mbuzi akachinjwa. Kijana akaingia jikoni mbio mbio.

"Mama, pikia haya ninayokuletea kila siku, ya kifuniko cha bluu. Mtu asije akakununulia ya dukani yenye kifuniko cha njano."

"Kwani ya njano yana nini? Si yetu?"

"Ni yetu, ila yale ni mashapo ya chini ya pipa. Tunayachanganya na mafuta ya bei chee. Ni ya watu wa hapa hapa, mama. Wameshazoea."

Watu wa hapa hapa! Mnasikia hayo? Walioshika mpini ndio wa kulishwa mashapo! Mama alisimama na mwiko mkononi, aibu imemjaa mpaka machozi yakamtoka. Alimkasirikia mwanawe, na akaukasirikia zaidi ulimi wake mwenyewe. Akatoka kwa mlango wa uani, akaenda kubisha hodi kwa jirani.

"Nisamehe, mwenzangu. Ulisema kweli. Naomba hiyo chupa yako ya mafuta."

Jirani akaingia ndani, akaitoa, akampa.

Nyama ikakaangwa, ikapelekwa mezani. Mgeni akatafuna kipande kimoja, akaacha.

"Mama, haya ni mafuta gani?"

Mama akaiweka chupa mezani, picha yake ikicheka, kifuniko cha njano juu. "Ni haya, baba. Ndiyo wanayokula majirani zangu."

Kijana akaruka kitini. "Mzee, samahani, ni makosa ya jikoni! Ya kwenu ni safi kabisa, tunayatenga!"

"Mnatenga?" mgeni akauliza. "Waliokulea unawapa haya. Na siku ukituzoea sisi, utatupa nini?" Akanawa mikono, akaaga, akapanda gari lake.

"Mama, umeniua!" kijana akalia.

"Sijakuua. Kesho anza kuwauzia hawa majirani mafuta safi. Na mpaka hapo, toa sura yangu kwenye chupa zako."

Ndugu zangu, msimcheke kijana huyu. Sisi je? Mume anamchekea bosi wake kutwa nzima, akifika nyumbani anamnunia mkewe. Na hapa kanisani? Mwezi uliopita tulipokea wageni kutoka nje. Tuliwapikia pilau, tukawaimbia, tukawavisha vitenge. Wiki ile ile mama yetu mmoja alifiwa na mumewe. Mama huyu amefagia kanisa hili tangu likiwa la nyasi. Tulimpelekea nini? Chai ya rangi, na watu watatu wanaotazama saa!

Nimekasirika, sifichi, na mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Mama huyo yuko hapa, amekaa benchi la nyuma. Baada ya ibada, mtu asikimbilie nyumbani. Tunakwenda wote kwa huyu mama, na kile kilichobaki stoo tangu ugeni ule, mchele wote na mafuta yote, tunakwenda nacho.